Mwisho Niliomtungia Koko

Mwezi uliopita wazazi wangu walihama nyumba, na Mama akanisukumia katoni moja akisema haya ni makorokoro yako, yachukue la sivyo nayatupa. Ndani kulikuwa na soksi zisizo na wenzao, vyeti vya shule vya kunisifu kwamba sikukosa darasani, na kitabu kinene kisicho na jalada. Nilikipeleka puani kabla sijasoma hata neno. Kilinuka ndagala. Wale samaki wadogo wakavu, ambao duka la Waafrika hapa Louisville huwauza kwa mfuko kama dhahabu, walikaa jirani na kitabu hicho kabatini mwaka mzima, na harufu yao haikutoka tena. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Kitabu chenyewe kinahusu wafalme wa Ulaya ya kale, watawa, madaraja ya mawe na baridi kali, lakini kinanuka jiko la Koko.

Koko ni mama yake Papa; sisi watu wa Kivu wengi ndivyo tunavyomwita bibi. Wenzangu mliokulia nyumba kama yetu mnajua mpango ulivyokuwa. Papa alipakia vifurushi ghalani, Mama alitunza wazee wa watu, na wote wawili walipewa zamu ya mchana hadi usiku. Nikitoka shule naikuta nyumba yetu ya Shively, pembeni mwa Louisville, ikiwa na mtu mmoja tu, Koko, amekaa kwenye meza ya jikoni na sinia la ndagala, anawakata vichwa mmoja mmoja. Alikuwa amefika Marekani miaka miwili kabla, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza maneno matatu ya Kiingereza, ambayo yote aliyatumia kwa mtu wa posta. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilijiona msomi wa ukoo mzima. Barua za shule, za hospitali, za mwenye nyumba, zote zilipita kwangu nikazifasiri, na sitaficha kwamba kazi ile ilinivimbisha kichwa.

Kitabu nilikipata shuleni, kwenye kigari cha vitabu ambavyo maktaba ilikuwa inaviondoa. Jalada lilikuwa limeng'oka pamoja na kurasa za mbele, kwa hiyo hapakubaki mahali palipoandikwa kwamba ni hadithi. Kilianzia kwenye ramani. Baada ya ramani palikuwa na orodha ya wafalme na miaka yao, na chini ya kila ukurasa maelezo madogo yenye namba, utadhani kuna mtaalamu anayethibitisha kila jambo. Kitabu chenye ramani, miaka na maelezo ya chini, mimi ningekikatalia nini? Niliamua ni historia ya Ulaya, na kwa kuwa sikumuuliza mtu, hakuna aliyenisahihisha.

Na ilikuwa historia tamu. Kulikuwa na ndugu wawili, Adela na kaka yake Konrad, watoto wa mtawala wa mji mmoja wenye mto katikati. Mkuu wa watawa, mama kipofu, alitabiri kwamba siku Adela na Konrad watakapokanyaga daraja moja, kengele ya mji italia bila kuvutwa na mmoja wao ataanguka afe. Basi wakawatenganisha, huyu upande huu wa mto, yule upande ule. Ndipo mtawa mmoja aitwaye Ulrik, fundi wa saa, akaunda gurudumu ambalo ukilizungusha kinyume wakati unarudi nyuma. Ulrik alirudi mara nyingi kujaribu kuuvunja utabiri, na kila aliporudi aligusa kitu asichokusudia. Alimzuia farasi mmoja asipotee, kesho yake ikawa Wadenmarki ndio wanaotawala Roma. Alimpa maji mgonjwa mmoja, ikawa Ufaransa haina mfalme bali ina malkia mwenye miaka saba. Tauni aliigeuza njiani ikaenda kwingine. Ulaya nzima ilihamahama, ila utabiri ule ulibaki palepale.

Niliyaamini yote. Shuleni tulipoambiwa tuandike jambo tunalolijua kuhusu dunia ya zamani, niliandika kwamba Wadenmarki waliitawala Roma miaka arobaini. Mwalimu akaweka alama ya kuuliza kwa kalamu ya kijani. Nilimhurumia. Niliona labda chuo alichosoma hakikuwa na vitabu vizuri.

Nilianza kumsomea Koko ili tu asiniitie kazi ya vichwa vya samaki. Nasoma ukurasa kwa Kiingereza kimoyomoyo, halafu namweleza kwa Kiswahili chetu. Koko alikuwa mpenzi wa vitabu vya Wafalme katika Biblia, kwa hiyo vita, viti vya enzi na manabii havikumpa taabu hata kidogo. Alimzungumzia Ulrik kama anavyozungumzia jirani. Alisema yule mtawa akili zake haziko sawa, anatengeneza hapa anabomoa kule, na kama angekuwa na mke angeambiwa aliache lile gurudumu. Adela ndiye aliyempenda mno Koko. Ijumaa moja wanawake wa kanisa walipokuja kusali kwetu, Koko alimtaja katika maombi, dada yetu Adela, aliyetengwa na ndugu yake. Mke wa mchungaji akauliza anasali kanisa gani. Koko akajibu, la Katoliki. Wakatazamana kidogo, kisha wakamwombea hata hivyo, kwa sauti, wengine kwa machozi.

Mimi nilicheka chini ya meza. Sikujua bado kwa nini Koko alimpigania hivyo mwanamke wa watu. Nilikuja kuelewa kidogo kidogo, kwa kusikiliza simu za wakubwa.

Koko alikuwa na mtoto wa mwisho, Baba Mdogo Bahati, aliyekuwa akiishi mji wa Buffalo. Tulipokuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, alipita nabii mmoja aliyekuwa na sifa kubwa, kwa sababu aliwahi kutabiri upepo utakaong'oa mahema na upepo ukaja. Nabii huyo akamwekea Koko mkono kichwani mbele ya watu akamwambia kwamba yeye na mwanaye wa mwisho wakilala tena chini ya paa moja, mmoja wao hataamka. Siku ileile Bahati alifunga godoro lake akahamia upande wa pili wa kambi. Tangu hapo walikutana bombani tu, juani, kila mtu na ndoo yake. Yeye akatangulia Marekani, akapelekwa Buffalo. Sisi tukafuata, tukaletwa Louisville. Jumapili walipigiana simu ya video, na hapo hapakuwa na tatizo, maana simu haina paa. Miaka saba ikapita hivyo. Papa alisema wazi kwamba utabiri ule ni upuuzi, lakini sikumwona hata siku moja akiwaalika mahali pamoja.

Halafu mke wa Baba Mdogo akajifungua mtoto wa kike. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa mwana huogeshwa na koko wake mzaa baba, na koko huyo ndiye anayempa jina la nyumbani. Hospitali ilimwandika jina la kwenye karatasi, sawa, lakini nyumbani hakuna aliyethubutu kumtungia jina. Wiki ya kwanza aliitwa Mtoto. Wiki ya nne alikuwa bado Mtoto. Baba Mdogo hakusema njoo, na Koko hakusema nakuja. Papa akapendekeza Koko aende mchana tu, halafu alale kwa watu wengine wa kanisa. Koko akasema hawezi kufika kwa mwanaye kama mgeni wa harusi. Papa akapendekeza wakutane nje. Hapo Koko aliweka kisu chini.

"Buffalo iko na barafu," alisema. "Nitaoshea mutoto ku parking?"

Papa akaondoka jikoni. Koko akanigeukia mimi, akanionyesha kitabu kwa kidole chenye magamba ya samaki. Alitaka kujua zimebaki kurasa ngapi. Nikamwambia labda arobaini. Akatikisa kichwa taratibu, kisha akatoa uamuzi wake.

"Tutaona Adela atafanya nini. Kama anavuka na wanapona, na mimi naenda. Kama hapana, bon, Mungu amesema."

Hakuwa anatania. Kwa Koko, jambo lililoandikwa kwenye kitabu chenye miaka ya wafalme lilikuwa ushuhuda. Kulikuwa na mwanamke mwingine duniani aliyewekewa neno kama lake, na kitabu kilijua lilivyoishia.

Kesho yake sikungoja. Nilizisoma zile kurasa arobaini ndani ya basi la shule, asubuhi na jioni, na mlangoni pa kwetu dereva alinipigia honi nishuke kwa sababu sikuwa nimesikia kituo. Adela alivuka. Ulrik alikuwa amezungusha gurudumu kwa mara ya mwisho, Ulaya imekwisha kupinduliwa juu chini, na ndugu wawili wakakutana katikati ya daraja wakashikana mikono. Kengele ikalia bila kuvutwa. Konrad akaanguka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Adela peke yake, mzee, akisema kwamba neno likishatamkwa halina mlango wa kutokea. Nilikichukia kitabu kile, na nilimchukia aliyekiandika, ingawa nilidhani kazi yake ilikuwa kunakili tu yaliyotokea.

Nikaingia jikoni. Koko alikuwa ameshanikunjia kitambaa niketi juu yake, chai iko mezani, ndagala wamesukumwa kando. Siku ile hakufanya kazi yoyote huku anasikiliza. Mikono aliiweka mapajani. Nikafungua kitabu, nikatazama yale maneno ya Kiingereza, na kinywa changu kikaanza kusema mengine. Nilisema kengele ililia, kwa sababu niliona nikiiondoa kengele atashtuka. Lakini nikasema ulikuwa upepo wa mtoni. Nikasema Konrad aliteleza kidogo, Adela akamdaka. Nikasema watu wa mji walisubiri mpaka jua likazama, na hakuna aliyekufa, basi wakaletewa mkate na nyama pale darajani wakala. Nikaongeza nyama ilikuwa ya mbuzi. Ukishaanza kudanganya unaona vibaya kubana matumizi.

Koko akainuka, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akachukua simu akampigia Papa kazini, jambo lililokatazwa kabisa nyumbani kwetu. Alimwambia aombe ruhusa. Tunaenda Buffalo.

Furaha iliyoingia nyumba ile sijui niielezeje. Mama aliimba akiwa anakunja nguo. Koko alinunuliwa koti la zambarau, refu, lenye manyoya shingoni, akalivaa ndani ya nyumba siku mbili ili walizoeane. Alikaanga maandazi ndoo nzima. Kila aliyepiga simu alisimuliwa habari za Adela, jinsi alivyovuka na jinsi mbuzi alivyoliwa. Mimi peke yangu sikuwa na raha. Ukweli niliujua mimi tu: kitabu kilisema neno halivunjiki, na kwa sababu yangu Koko alikuwa anaenda kulala chini ya paa lile. Niliwatazama wote wakicheka nikajiuliza ni nani atakayekufa, Koko au Baba Mdogo, na nikaona kwamba atakayekufa nitakuwa nimemuua mimi. Njia ya mwongo ni fupi, alikuwa akipenda kusema Mama. Yangu ilikuwa maili mia tano na zaidi, nami nilikaa siti ya nyuma nikizihesabu.

Tuliondoka asubuhi, na saa sita mchana tulikuwa Columbus, kwa Mwalimu Neema. Huyu alikuwa Mtanzania aliyetufundisha kusoma kambini, na sasa alikuwa amekuja kusomea historia katika chuo kikuu, akapanga ghorofa ya juu ya nyumba ya matofali karibu na chuo. Alitupikia wali na maharage ya nazi, akamwamkia Koko kwa kupiga goti, Koko akafurahi sana kwa kuwa Marekani magoti ya vijana yamekuwa magumu. Walipokuwa wanazungumza, mimi nilikuwa natazama rafu zake za vitabu, na wazo likanijia. Kama kuna mtu anayejua namna ya kuikwepa historia, ni huyu. Nikamvuta jikoni nikamwonyesha kitabu. Nikamuuliza kama kuna nakala nyingine ambayo ndani yake Konrad alipona.

Alikipekua, akasoma maelezo ya chini mawili matatu, akaanza kutabasamu.

"Wadenmarki kuiteka Roma? Mwanangu, hilo halikutokea. Mtu alikaa akajiuliza, je, ingekuwaje? Halafu akatunga. Hata haya maelezo ya chini katunga."

Nilimuuliza na Adela. Akasema hakuwepo. Na Ulrik? Hakuwepo. Na yule mama kipofu aliyetabiri? Mwalimu Neema akasema huyo ndiye hasa wa kutungwa, maana bila yeye hadithi isingeanza. Alisema ni kitabu kizuri lakini, nisikitupe.

Nilipata aibu kwanza, nilipoikumbuka ile kalamu ya kijani. Halafu nikapata raha kubwa sana, maana Konrad hakufa. Nilifika mpaka mlangoni nikitaka kupiga kelele. Ndipo nikaona kwamba kama hakufa, basi hakupona pia. Hakukuwa na daraja, wala mkate, wala mbuzi. Koko alikuwa amekaa kule sebuleni na koti lake la zambarau, amebeba ujasiri alioupata kwangu, na chini ya ujasiri huo hapakuwa na kitu chochote. Nabii wa kambini alikuwa mtu wa kweli. Mkono wake kichwani kwa Koko ulikuwa wa kweli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kitabu cha uongo.

Sikula maandazi njiani, na Koko akaligundua hilo kabla hatujatoka mjini. Tulipokaribia Cleveland Papa alisimama kutia mafuta. Mama aliingia dukani kutafuta choo. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka, na Papa nje alikuwa anarukaruka kwa baridi huku ameshika pampu. Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena.

"Koko, kitabu ile ni ya kutunga. Adela hakuwakaka mutu ya kweli. Na mwisho haikuwa vile nilikusomea. Konrad alikufa."

Aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Donc weye ndiye ulimuponyesha," alisema.

"Ndiyo, Koko."

"Juu ya nini?"

"Juu nilitaka uone Baba Mdogo."

Alinishika sikio akalisokota, tena kwa bidii, mpaka nikaona nyota. Alisema kudanganya ni dhambi na kwamba nitatubu mbele ya Mungu nikiwa nimepiga magoti sakafuni, si kitandani. Kisha akaliachia sikio, akageukia dirisha. Alikuwa anamtazama Papa anavyoruka. Nilidhani atamwita, amwambie ageuze gari. Niliona midomo yake inacheza, anahesabu kitu au anasali.

"Mutoto wa miaka kumi anakaa na mimi ku meza," alisema mwishoni, polepole, "anafungua kinywa, anasema mwisho ya maisha ya mutu. Na mimi muzima naamini."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alikuwa anaongea na dirisha.

"Na ule nabii? Yeye pia alikuwa na kinywa tu. Miaka saba, na sikumuulizaka hata siku moja alisoma wapi."

Papa alirudi, akafunga mlango, akapuliza viganja vyake. Nikamnong'oneza Koko kama tuwaambie turudi nyumbani. Akafunga vifungo vyote vya koti, mpaka cha shingoni.

"Turudi wapi?" alisema. "Niko na woga. Na tunaenda."

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Koko kwenye kituo kile cha mafuta, na sikio likiwa bado linawaka moto.

Tulifika Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, jua linazama. Nyumba yao ilikuwa ya mbao nyeupe, si mbali na uwanja wa ndege, na theluji ilikuwa imerundikwa pembeni mwa njia mpaka kifuani kwangu. Baba Mdogo alikuwa amesimama nje, mbele ya ngazi, amevaa kandambili na soksi, sakoshi, mkoba wake wa nguo, begani. Nilimjua kwa simu tu. Nilishangaa kuona ni mrefu. Alimwamkia mama yake akiwa mbali kidogo, kama walivyokuwa wakisimama bombani, akamwambia kila kitu kiko tayari ndani, chakula, kitanda, mtoto ameshiba. Yeye ameshapanga kulala kwa rafiki yake wa kazini, na kesho atakuja wasalimiane hapa nje.

"Weka sakoshi chini," Koko alisema.

"Mama."

"Weka chini. Ingia mbele yangu, unionyeshe nyumba yako."

Baba Mdogo akamtazama Papa. Papa, aliyekuwa akisema miaka yote ni upuuzi, akaitazama theluji. Basi Baba Mdogo akaweka sakoshi kwenye theluji, akapanda ngazi akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba mlango ni mfupi, na Koko akamfuata nyuma yake, kiganja kimoja amekibandika mgongoni pa mwanaye. Sakoshi ile tuliisahau nje, tukaja kuifukua kesho yake.

Jioni ile ilikuwa karamu. Koko alivua koti, akakunja mikono ya blauzi, akapima maji ya beseni kwa kiwiko. Alimwogesha mtoto jikoni mbele yetu sote huku akimwimbia, akimgeuza na kumnyoosha vigoti bila huruma, na mtoto akawa anamkodolea macho tu. Alipomaliza alimpaka mafuta, akamwinua juu, akasema kuanzia leo huyu ni Furaha, na asisikie mtu tena anamwita Mtoto. Mama yake mtoto alilia, Mama akalia, Papa akaenda kuangalia gari. Tulikula fufu ya unga wa muhogo, sombe ya majani yake na samaki, na kila mtu alicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Baba Mdogo peke yake alikuwa anakaa kidogo anainuka. Kila ndege ilipopita juu ya nyumba na madirisha yakatetemeka, alitazama dari. Koko alimwona. Akamwongezea samaki.

Walinilaza chumbani kwa Furaha, kwenye zulia. Nilikuwa nimekusudia nikeshe nikisikiliza, lakini mtoto wa miaka kumi aliyeshiba fufu hawezi kukesha. Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha zamani, mwanga wa theluji umejaa chumba chote, na nyumba ilikuwa kimya kabisa. Hakuna sufuria, hakuna simu, hakuna aliyekohoa. Nyumba ya Wakongo saa tatu asubuhi haiwi hivyo hata siku moja. Nikajua limetokea.

Nilitoka taratibu mpaka sebuleni. Baba Mdogo na mkewe walikuwa wamewaachia wageni vyumba, kwa hiyo yeye alilala kwenye kochi, na alikuwa bado pale. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia mpaka sakafuni. Hakutikisika. Koko alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni karibu na kichwa chake, ameshavaa kilemba na koti, mikono mapajani. Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Mke wa Baba Mdogo alikuwa mlangoni na Furaha kifuani. Papa alikuwa kwenye kona, karibu na televisheni, na nilipomwona Papa amesimama pale bila viatu nikashika ukuta.

Koko akaniona. Akaweka kidole mdomoni, akaniita kwa macho. Nikamwendea, akanivuta kati ya magoti yake, akachukua mkono wangu akausogeza mpaka mbele ya pua ya Baba Mdogo. Pumzi yake ilikuwa ya moto. Ilitoka, ikakatika kidogo, ikarudi kwa mkoromo. Alikuwa amezoea kufanya kazi usiku na kulala mchana, kumbe ndiyo kwanza usingizi wake unakolea. Koko alinieleza sikioni kwamba yuko pale tangu alfajiri, na kwamba kila aliyeamka alikuja kwa kunyata, akasimama, akakataa kuondoka.

Kwa hiyo na sisi tukasubiri. Sijui ilikuwa saa nzima au zaidi. Hakuna aliyekwenda kunywa chai. Ndege mbili zilipita. Mwishowe Baba Mdogo akajikuna shavu, akafumbua jicho moja, akatukuta watu wazima wanne, mimi na mtoto, tumemzunguka tunamtazama. Akaketi haraka, akashika kifua.

"Kuna nini?" aliuliza.

Koko alimfuta usingizi machoni kwa kidole gumba, kama anavyofutwa mtoto mdogo, jicho la kwanza na la pili.

"Hakuna kitu," alisema. "Umeamuka."